Koti Huku, Suruali Kule

Kilichomsimamisha Kamusi ni mstari wa chaki. Ulianzia kwenye kizingiti cha duka la ushonaji, ukapita katikati ya sakafu, ukapanda meza ya kukatia vitambaa, ukashuka upande wa pili na kuishia ukutani. Kushoto mwa mstari, mwanamke alikuwa anashona koti. Kulia, mwanamke mwingine mwenye pua ileile alikuwa anashona suruali. Hawakuangaliana hata mara moja.

Walimwita Kamusi kwa sababu hakuwahi kupungukiwa neno. Kazi, kodi na marafiki vilimpungukia mara kwa mara, lakini neno kamwe. Akabisha hodi, akaingia, akauruka mstari kwa heshima kama mtu anayeruka kaburi.

"Poleni na kazi, dada zangu. Huu mpaka kauchora nani?"

"Yeye," wakasema wote wawili kwa pamoja, kisha wakakasirika kwamba wamekubaliana.

Mkubwa akaeleza. Marehemu mama yao aliwaachia duka na kauli moja: mgawane. Yeye mkubwa alielewa wagawane sakafu. Mdogo aliiambia cherehani yake, kwa sauti ya kusikika, kwamba mama alikuwa na maana ya kugawana kazi, ila kuna watu wana masikio ya kuvalia hereni tu.

Kamusi akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. "Hapo ndipo wengi wanapopotea. Kugawa ni kutoa. Kugawanya ni kukata. Kutenga ni kuweka kando. Kutenganisha ni kuweka kitu katikati ili watu wasirushiane mikasi. Chaki haifanyi hata moja kati ya hayo. Hapa panatakiwa kiambaza."

"Ndiyo nini?" akauliza mdogo.

"Ukuta wenye adabu. Mbao nyepesi, misumari kidogo, na kila mtu anapumua."

Kisha akawachukua mmoja mmoja. Mkubwa alimwita nje, chini ya dirisha. "Dada, mkubwa hapewi sawa na mdogo, haijawahi kutokea. Nitausogeza ukuta shubiri nzima kwenda kwake, na hatajua." Mdogo alimfuata bombani alikokuwa anachota maji. "Dada, wadogo mnaonewa mno. Nitausogeza shubiri nzima kwenda kwake, na hatajua." Malipo hakuyataka kwa fedha, maana fedha, alisema, huharibu udugu. Alitaka jora moja la kitambaa kutoka kwa kila mmoja, sasa hivi, na ukuta ukikamilika, mkubwa amshonee koti na mdogo suruali. Wiki iliyofuata alikuwa na miadi na ndugu wawili waliorithi kiwanja, na hakuna anayemwamini mpima viwanja aliyevaa fulana.

Siri yake ilikuwa futi ya chuma. Alikuwa ameikata shubiri moja mwanzoni, akairudishia kile kindoano cha mbele, hivyo kila ilichopima kilisoma kikubwa kuliko kilivyo. Akapima upande wa mkubwa: shubiri ya ziada. Akapima upande wa mdogo: shubiri ya ziada. Ukuta ungesimama palepale kwenye chaki, na kila dada angelala akiamini amemla mwenzake. Mbinu hii ilikuwa imefaulu kwa wauza viatu, kwa wake wenza, na kwa kamati moja yenye heshima ambayo tuiache ilivyo. Kwa mafundi cherehani, watu wanaoshinda na utepe wa kupimia shingoni, ilikuwa haijajaribiwa bado.

Akaondoka na majora mawili begani, akipiga mluzi.

Yaliyofuata hakuyaona, alikuja kuyasikia baadaye, akiwa katika hali mbaya ya kusikiliza. Hata hajafika kona ya mtaa, mkubwa alipiga magoti na utepe wake kuhakiki ile shubiri. Mdogo naye, kwa upande wake, alishapiga magoti. Wakatambaa kila mmoja akipima, mpaka vichwa vikagongana juu ya chaki.

"Wewe unapima nini?" akauliza mkubwa.

"Ninachopima ndicho unachopima," akasema mdogo.

Wakakaa hapohapo sakafuni. Yalikuwa maneno yao ya kwanza ya ana kwa ana kwa miezi mitatu, na yalifuatwa na mengi.

Asubuhi Kamusi alizikuta mbao zimeshanunuliwa na nyuso zimenuna vizuri kabisa. Akapiga misumari mpaka jasho likamwingia machoni. Karibu na mwisho wa ukuta, mkubwa akamnong'oneza aukunje kidogo pale pembeni, hataki kuiona sura ya yule. Dakika tano baadaye mdogo akamnong'oneza jambo lilelile. Kamusi akafurahi kuona chuki imekomaa, akaukunja huku, akaukunja na kule, akabaki na kijumba kidogo chenye uwazi mbele. Mdogo akautundikia pazia.

"Nguo zako tayari," akasema mkubwa. "Ingia humo uvue, ujaribu."

Akavua, akatupa suruali na fulana juu ya ukuta kama alivyoelekezwa. Mkono ukapenya kwenye pazia na koti la kijivu, bitana ya hariri, kazi safi. Likamkaa kama ngozi. Akasubiri. Akakohoa.

"Dada, na suruali?"

"Koti ni la dada," ikajibu sauti ya mdogo upande wa pili wa ubao. "Suruali ni yangu. Tumegawana."

"Basi nirudishieni ile niliyokuja nayo."

"Hiyo imo kwenye hesabu ya majora. Majora yetu yako wapi?"

Kamusi akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani hakupata neno. Nje ya pazia wateja wawili waliingia. Akasikia mmoja akiuliza kama chumba cha kujaribia kina mtu, na mkubwa akimjibu kwamba kina fundi, bado anapima. Ndipo Kamusi akataja, polepole, chumba anachopanga, na kwamba majora yako chini ya kitanda. Ufunguo walikuwa nao tayari, mfukoni mwa suruali.

Mkubwa akaenda. Mdogo akabaki kulinda pazia, akishona, na ndiye aliyemsimulia habari ya magoti na vichwa, akicheka mpaka uzi ukamkatikia mara mbili.

Majora yaliporudi, mkono ukachukua koti, ukatoa suruali kuukuu na fulana. Kamusi akatoka bila kumtazama mtu. Hakuuliza habari ya kazi yake ya ukuta.

Alikuwa hatua ishirini hivi barabarani aliposikia sauti zinapanda nyuma yake.

"Chumba cha kujaribia kiko upande wangu," mkubwa alikuwa anasema.

"Upande wako kwa kipimo cha nani?"

Miguu ya Kamusi ikapunguza mwendo yenyewe. Maneno matatu mazuri, ya kitaalamu kabisa, yalishamfika ulimini. Akasimama. Kisha akaushika mkanda wa suruali yake kwa mikono miwili, akaondoka haraka.