Ombi la Kuhamisha Upepo wa Jumamosi

Kwa Mzee Mirumbe,
Mwenyekiti wa Kamati ya Ufuo, Muhuru Bay.

Mzee wetu, natumai u mzima na nyavu zako zimerudi salama.

Sabato iliyopita, mchungaji akiwa katikati ya maombi, nilisikia wimbi likipiga mawe ya ufuo: pwaa. Sikuitikia amina. Sauti hiyo haijanitoka masikioni, ndiyo maana nakuandikia.

Unanijua: Kemuma, binti wa Mama Eucabeth muuza ndizi, yule mwenye digrii na ubao. Mimi ni mtelezaji wa mawimbi wa kulipwa, ingawa wa kunilipa bado hajapatikana. Timu moja ya Kilifi, inayozunguka nchi hadi nchi, itanichukua nikiwatumia video nikiwa nimesimama juu ya wimbi kabla mwezi haujaisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ziwa hulala kama uji uliopoa tangu Jumapili hadi Ijumaa. Mawimbi huja Jumamosi, nikiwa kanisani.

2. Ili mama akubali, nilimwambia kuteleza ni kazi. Sasa ananijibu: "Kama ni kazi, Sabato hapana. Kama ni mchezo, Sabato hapana kabisa." Nimesomea falsafa, na sijaona pa kutokea.

3. Nimesafiri pia, kama wenzangu wanaozunguka bahari za dunia. Homa Bay gugumaji lilikuwa limefunika maji. Ubao ukakaa juu yake kama sahani mezani, nami nikakaa juu ya ubao, tukangoja. Oyugis watu walinipa pole, wakidhani nimebeba kifuniko cha jeneza. Nilisema asante. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza taaluma yangu.

4. Damaris, yule muuza samaki wa hapo ufuoni, huanika omena juu ya ubao wangu. Anasema angalau hivyo ubao unafanya kazi.

Kwa hiyo naomba kamati iuhamishie upepo Jumapili. Wakatoliki wakinung'unika, wakumbushwe kwamba misa yao huisha mapema. Upepo ukikataa, wavuvi wote wawashe injini kwa pamoja, wapite mbele yangu wakienda na kurudi, mpaka ziwa lielewe.

Nisalimie wote nyumbani, na wavuvi, hata wale wanaouita ubao wangu mlango.

Wako mtiifu,
Kemuma Mokua

N.B. Jumatano, kabla sijaileta barua hii, upepo ulikuja. Wavuvi walivuta mashua nchi kavu. Hakukuwa na ibada, mama alikuwa sokoni, na ubao haukuwa na omena hata mmoja. Nilikaa juu ya mwamba na viatu miguuni mpaka maji yakatulia. Mzee, sijui kuogelea. Kwetu Kisii maji ni ya kuteka tu. Upepo uuache ulipo. Kilifi nimeshawaandikia wasiningoje, na leo asubuhi Damaris amenishika kiuno ziwani, nikaelea.