Ua la Mchanga Lisilofagika

Jumatatu, 3 Juni
Sinema imenifuata yenyewe! Mpwa wangu, binti wa dada, anatengeneza filamu ndogo ya mambo ya Kibudha. Si zile za watawa wanaoruka mapaa na kuvunja matofali kwa kichwa. Hizo nimezimaliza zote. Moja niliwaandikia barua waliotengeneza, nikawarekebishia mateke. Hii yake ni ya mtawa mzee anayechora ua kubwa la mchanga wa rangi, kisha analifagia. Basi. Nikauliza, adui anaingia lini? Akasema, Mjomba, adui hayupo. Kila kitu kinapita, mtu asing'ang'anie. Nikamjibu hayo nayajua tangu tumboni mwa mama.

Nikaomba niwe mtawa. Kampa Sindano, fundi cherehani wa mkabala na kibanda changu! Eti ana kipara na anaweza kunyamaza. Kama ni kipara, hata yai lingepewa. Mimi nichore ua, maana mchora vibao wa kunifikia hajazaliwa.

Picha ya kufagia itapigwa Ijumaa, mara moja tu. Kamera ya kuazima, ukumbi wa shule wa kuazima. Filamu inakwenda kwenye shindano. Akishinda, anapata nafasi ya kusomea sinema. Mwaka jana alikosa.

Jumanne, 4 Juni
Magoti yamekuwa ya ngamia. Rangi saba, nazimimina kwa koni ya karatasi, punje kwa punje. Sindano alipita, mikono nyuma, kama mkaguzi. Akasema, Msanii, limependeza, Ijumaa nitalifagia vizuri. Vizuri! Nikamwambia akafagie vipande vya vitambaa dukani kwake.

Jumatano, 5 Juni
Limekwisha. Mlinzi wa ukumbi alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Dada alileta chai, akaliona, akanyamaza. Dada yangu! Hajanyamaza tangu aote meno.

Nimetia jina langu pembeni. Mpwa akasema mtawa hatii saini. Halafu akacheka: liache, Mjomba, litafagiwa na mengine.

Litafagiwa. Jina nililopewa na baba yangu! Nimetafakari. Vibao vyangu havipauki kwa jua wala mvua. Kwa nini? Vanishi.

Alhamisi, 6 Juni
Sayansi! Wote walipokwenda kula mchana, nikaingia na bomba la kunyunyizia. Kwanza gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, kisha vanishi isiyong'aa. Polepole, kama ukungu. Hata punje moja haikuhama.

Kesho Sindano atafagia, ua litagoma, mpwa atabadili mwisho: ua linabaki, jina linasomeka, watazamaji wanasimama. Hii si hila, ni hisani. Harufu ipo kidogo. Nimefungua madirisha.

Ijumaa, 7 Juni
Balaa.

Kamera ikawashwa. Sindano, ndani ya shuka la rangi ya chungwa alilojishonea (pindo limekwenda upogo), akafagia. Ua likatulia. Akafagia tena. Likatulia. Ufagio ukaanza kunyonyoka. Mtu wa kawaida angeuliza. Yeye, mnafiki, akaendelea kufagia taratibu kana kwamba ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Dakika nne! Kisha akapiga magoti, akaanza kukwangua kwa ukucha. Wapi? Penye jina langu!

Niliruka. Nikalala kifudifudi juu ya ua nikipiga kelele waniachie jina. Wanasema nililia. Lilikuwa jasho. Katikati vanishi haikuwa imekauka. Shati lilibaki, na ndevu kiasi.

Mpwa hakunigombeza. Angegomba ningekuwa na la kujibu. Alikaa juu ya sanduku la kamera, akauliza kwa sauti ndogo kama nilijua kuwa picha ni mara moja tu. Nikasema nilijua. Akafunika uso kwa mikono.

Sindano ndiye aliyemwambia: mwanangu, mashine yako bado inawaka.

Jumamosi, 8 Juni
Mlinzi anataka sakafu yake. Nakwangua tangu asubuhi. Sindano alikuja na kisu cha kukwangulia, akapiga magoti kando yangu, hakusema neno. Majivuno hayo!

Mpwa amezitazama picha. Anasema filamu yake ilikuwa na mtu anayeachilia, lakini hata yeye mwenyewe hakuwa akimwamini mtu huyo. Sasa ina mzee asiyeacha kufagia na mwingine asiyeweza kuachia. Ataipeleka hivyo hivyo. Sijamwelewa, ila nimemwambia ndivyo nilivyopanga.

Jumapili, 30 Juni
Ameshinda! Ukumbi mzima wa shindano ulinicheka nilipoliangukia ua, kisha ukanyamaza kabisa, Sindano akifagia kunizunguka. Mpwa kapata nafasi ya kusoma. Alinikumbatia mbele za watu. Sindano alipongezwa kwa utulivu. Utulivu! Mimi ndiye niliyefanya kazi yote ya kuanguka.

Dada kaniuliza kama walau nimepata fundisho. Nikamwambia nimejifunza kuachilia, na kwa kuachilia hakuna wa kunishinda, hata huko kwa watawa wenyewe. Ua zima nimelikwangua kwa mkono wangu, pale hapana hata punje.

Isipokuwa chini ya kabati la ukumbini. Kipande kidogo tu, chenye jina. Nimekibandika upya, vanishi tabaka tatu.