Ulimbo Kwenye Boneti

Jumatatu, 20 Aprili

Gari jipya lina siku nne. Jeupe pee. Bado linanukia upya. Mwanangu Alva amelala nje kwenye kigari chake, kama watoto wachanga wa huku, blanketi mbili na kofia ya sufu, mashavu mekundu kama nyanya. Nina dakika arobaini za kuandika.

Jambo lenyewe ni hili. Mume wangu Endre yuko baharini, kwenye mtambo wa mafuta, atarudi Jumapili. Gari limeletwa yeye hayupo. Kabla hajaondoka alisema rangi yake itahitaji kinga, maana majira haya barabara zetu ni kokoto tupu, zile zilizomwagwa miezi yote ya baridi ili watu wasiteleze. Kila gari la mbele linakurushia. Kinga ziko mbili. Kuna plastiki nyembamba isiyoonekana, inabandikwa juu ya rangi. Na kuna dawa ya maji, inapakwa, inakauka ikawa ngumu kama kioo. Mimi ndiye wa kuchagua. Alisema ananiamini, mke wangu, utakachochagua ni hicho hicho.

Ananiamini. Nimelirudia neno hilo mbele ya kioo cha bafuni.

Nyumba alichagua yeye. Gari la zamani alichagua baba yake. Jina la mtoto alichagua mama yake, ingawa nilikuwa na langu zuri tu. Mimi shule niliiacha katikati nikaenda kuuza mikate, kwa hiyo watu wamezoea kuniamulia, tena kwa upole, kama mtu anayemfunga mtoto kamba za viatu. Safari hii hapana. Jumapili Endre akishuka kwenye treni atakuta nimechagua, na nimechagua vizuri.

Nimempigia fundi wa plastiki. Akasema ile dawa ni maji ya sukari, dada yangu, kokoto ikija inapita bila hodi. Nimempigia fundi wa dawa. Akasema plastiki ukiiacha miaka miwili inakuwa ya njano kama meno ya mvuta sigara. Wote wana sauti za watu waungwana. Nimewaamini wote.

Jumanne, 21 Aprili

Ragnfrid amekuja uani. Huyu ni jirani wa ng'ambo ya ua. Gari lake ni kama letu, ila la bluu, na alilinunua wiki mbili kabla yetu. Kila kitu Ragnfrid hukipata wiki mbili kabla yetu. Pampu ya joto. Viti vya bustani. Hata mafua.

Aliniita nikaone. Akagonga boneti yake kwa funguo, ko ko ko, akasema plastiki hiyo, mwenzangu, gonga na wewe, usiogope. Nikagonga. Hakuna alama. Kisha akalitazama la kwetu kuanzia taa hadi taa, akauliza na hili masikini linalala hivi hivi, uchi?

Nikamwambia bado nafanya utafiti. Akasema vizuri, na kokoto nazo zinakufanyia utafiti.

Nimerudi ndani nikakaanga maneno matatu mazuri sana ya kumjibu. Alva amecheka. Yeye hucheka hata nikimsomea maelezo ya sabuni, lakini bado.

Jumatano, 22 Aprili

Utafiti.

Nimechukua sinia mbili za kuokea. Moja nimeifunga plastiki ya kufunikia chakula. Nyingine nimeipaka dawa ya kung'arisha sakafu. Nikazining'iniza kwenye kamba ya nguo, nikazoa kokoto barabarani, nikasimama hatua kumi, nikaanza kutupa. Alva nilimweka kwenye kiti chake nyuma yangu, pale ngazini, mbali na hatari. Kila sinia ikilia, anacheka mpaka kwikwi inamshika. Nakiri kwamba baada ya kokoto ya ishirini sikuwa natafiti tena. Nilikuwa namchekesha mwanangu.

Sinia zote zikabonyea sawasawa. Kokoto ya thelathini hivi ikagonga ukingo wa sinia, ikaruka ua, ikalipiga gari la Ragnfrid mlangoni. Nikasikia tii! Nikataka kuingia ndani nijifanye nimelala. Lakini Alva alikuwa bado anapiga makofi.

Ragnfrid katoka. Kasugua mlango kwa mkono wa sweta. Hakuna kitu, hata doa. Akaja mpaka uani, anatabasamu. Akasema ahsante, shoga, umenifanyia kazi ya fundi bure, sasa na wewe umeona kwa macho yako.

Kwa hiyo plastiki inafaa. Hilo ndilo balaa. Nikichagua plastiki, mtaa mzima utasikia nimemwiga Ragnfrid, na Endre atasikia kabla hajavua buti. Uamuzi utakuwa wa Ragnfrid, mimi nimeubeba tu. Basi ni dawa. Lakini ipi?

Alhamisi, 23 Aprili

Baba mkwe, Gudmund, amekuja kunywa kahawa. Mkate, jibini ya kahawia, vikombe vitatu. Nikamweleza habari za mafundi. Akasema wezi wote hao, mwanangu. Ujanani alikuwa fundi nta wa timu ya skii ya kijiji, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, na tangu hapo miaka arobaini amepaka nta ya skii kwenye koleo lake la theluji, kwenye kigari cha kuvuta kuni, hadi kwenye mtumbwi, na hakuna kilichowahi kuota kutu. Tukacheka sana.

Kisha akaanza kusimulia mashindano ya zamani, jinsi alivyopaka ile nta ya kwenye tyubu, na ikakaa chini ya skii kilomita hamsini za barafu tupu bila kutoka. Nikamuuliza kilomita hamsini kweli? Akasema hamsini na mbili, binti, tulipotea njia.

Alipoondoka mimi niliacha kucheka. Sanduku lake la nta liko kwenye banda letu, maana banda lake linavuja. Nta ambayo barafu haikuiweza kilomita hamsini na mbili, kokoto itaiweza wapi? Na ni dawa ya familia. Ragnfrid hana. Fundi yeyote hana.

Nimelifungua sanduku. Tyubu nyekundu saba, za bluu tatu. Nimechagua nyekundu kwa kuwa ni nyingi. Mtu mwenye mpango huangalia na hesabu.

Ijumaa, 24 Aprili

Asubuhi Alva akalala, nje baridi ya kushika pua. Nikavuta waya mrefu wa umeme mpaka kwenye gari. Mashine ya kukaushia nywele mkono huu, mwiko wa keki mkono huu. Nta inatoka tyubuni nzito kama asali ya chini ya chupa. Unaipasha, unaitandaza, unaipasha tena. Nimefanya bampa, boneti, na milango ya mbele. Tyubu zote saba. Vidole vyangu vinashikana hadi sasa, kalamu haitaki kuniacha.

Kufika saa sita imeganda. Imekuwa ngumu, inang'aa. Nimeuona uso wangu kwenye boneti, na nimejiona mzuri.

Nikampelekea Endre picha. Akajibu limependeza, umechagua ipi? Nikamwambia ni siri, utaona mwenyewe. Akasema alijua tu kwamba nitaweza. Nimeisoma mara sita, mara moja kwa sauti, ili Alva naye asikie.

Ragnfrid alisimama kwenye ua muda mrefu. Akauliza fundi gani huyo. Nikasema fundi wa nyumbani. Akaingia ndani kwake bila kugonga boneti kwa funguo.

Ijumaa bora ya mwaka.

Jumamosi, 25 Aprili

Niandike haraka kabla sijapoteza ujasiri.

Leo ulikuwa msaragambo wa mtaa, ule wa kila mwaka theluji ikiisha, nyumba zote zinatoka na fagio kuzoa kokoto za barabarani, halafu soseji na kahawa. Waliniomba nilisogeze gari. Nikakataa. Nilitaka walione.

Jua likatoka. Si jua la mchezo. Watu walivua makoti. Fagio kumi na tano zinafagia, vumbi limepanda mpaka madirishani, na mimi nimesimama kando ya gari langu nimembeba Alva, napokea sifa kama bibi harusi.

Kwanza alikuja nzi mmoja, akatua kwenye boneti. Hakuondoka. Nikasema labda amechoka.

Kisha vumbi. Halafu vishada vya maua ya miti ya mtaani, vile vya njano. Halafu kokoto zenyewe, moja moja, zikiruka kutoka kwenye fagio na kukaa. Hazianguki. Upepo ukaleta sahani ya karatasi, ikanata mlangoni ikiwa na haradali. Alva akanyoosha mkono kuigusa. Mkono nikauwahi, glavu ikabaki.

Nilikuwa navuta glavu Ragnfrid alipofika. Akasema hebu nione kwa karibu hiyo kazi ya fundi wa nyumbani. Akainama. Akaegemea.

Sweta lake alilifuma mwenyewe, wiki sita, tena lenye maua mabegani. Alipotaka kuinuka halikuinuka. Watu wawili wakamvuta kiuno. Mwisho ilibidi atoke ndani ya sweta, kama kiazi kinachotoka kwenye ganda lake, akabaki na fulana. Sweta likabaki kwenye boneti, mikono imetandazwa, limelikumbatia gari.

Hakuna aliyecheka mpaka mtu mmoja alipocheka.

Gudmund akaja na soseji yake mkononi. Akanusa. Akagusa kwa kidole. Akauliza polepole, mwanangu, umetumia ile ya tyubu? Nyekundu? Nikaitikia kwa kichwa. Akageuza ndoo akaikalia. Akanieleza ile ni gundi, hupakwa chini ya skii ili isirudi nyuma mlimani. Kwenye baridi hukauka, jua likiipata inakuwa ulimbo, unaweza kunasa ndege. Aliyopaka koleo ni nyingine, ya kipande, inayoteleza.

Nikasema baba, hukuniambia. Akasema binti, tangu nizaliwe sijawahi kuona haja ya kumwonya mtu asipake gari.

Jumapili, 26 Aprili

Tangu saa mbili asubuhi, mimi na Gudmund, matambara na mafuta ya kusafishia skii. Yalipoisha nikaenda bandani kutafuta mengine, nikarudi na kila nilichokikuta kwenye sanduku la nta, nikakiweka jikoni. Mwisho tulitumia mafuta ya kupikia. Mtaa mzima unapita mbele yetu kwenda matembezi ya Jumapili, na wote wanasalimia. Sijawahi kusalimiwa hivyo.

Mpaka saa nane tulikuwa tumemaliza bampa na mlango mmoja. Nikasukuma kigari cha Alva mpaka stesheni. Njiani nilipanga maneno. Endre aliposhuka maneno yote yakakimbia, nikalia palepale. Nikamwambia uliniamini, na mimi nimelipaka gari ulimbo.

Akashika kigari, tukaenda nyumbani. Akalizunguka gari. Akaangalia sufu ya sweta la Ragnfrid iliyobaki kwenye boneti. Akachimba kidogo kwa ukucha, akafuta kwa tambara la mafuta. Chini yake, rangi nyeupe, nzima, haina hata tundu la sindano. Kokoto za mtaa mzima zimefagiliwa juu yake na hakuna iliyofika.

Hapo ndipo alipocheka, mpaka akaketi chini. Akanifuta machozi, ulimbo wa kidole chake ukaniachia alama shavuni. Akasema mama Alva, uamuzi bado ni wako. Sijampa mtu mwingine. Ila niahidi kitu kimoja tu: hakuna kitakachotoka kwenye lile banda kikagusa gari hili tena.

Nikaahidi. Kwa moyo wote.

Jumatatu, 27 Aprili

Nimechagua. Plastiki, mbele yote. Nimempigia fundi mwenyewe, kwa sauti yangu mwenyewe. Ragnfrid nimemwambia mwenyewe pia, nilipompelekea sweta lililofuliwa. Limepungua kidogo. Alisema tu vizuri, mwenzangu. Endre akasema umechagua vizuri. Basi, yamekwisha.

Ila fundi hana nafasi mpaka tarehe ishirini Mei. Wiki tatu na zaidi. Gari liko uchi tena, na barabara ya mjini bado haijafagiliwa.

Nimewaza. Ile rangi ilisalimika chini ya nini? Mtu asikatae anachokiona kwa macho yake. Kosa lilikuwa nyekundu na jua. Gudmund mwenyewe alisema jana, tukisugua, kwamba ya bluu ni ngumu zaidi.

Endre amelala kwenye kochi, Alva juu ya kifua chake, wote wawili midomo wazi. Nimewafunika blanketi moja. Nimewatazama muda mrefu. Watu wazuri kama hawa wanastahili gari lisilo na kidonda.

Ahadi naikumbuka vizuri, hakuna kitakachotoka bandani. Tyubu za bluu haziko bandani. Tangu jana ziko jikoni, kwenye droo ya vijiko.

Nitaanza na kipande kidogo tu cha boneti. Mashine ya nywele imeshapata moto.