Siku Kumi za Askari

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Nimepata mbwa! Anaitwa Askari. Mwenyewe, Mzee Nyamai, alizikwa Alhamisi, na jamaa zake hawakumtaka mbwa. Nilimwomba baba pale pale mazishini, mbele ya wazee wa kanisa, ili aone haya kukataa. Hakukataa. Mpango wa kwanza umefaulu.

Ni mbwa mzima, miaka sita hivi. Anaogopa kuku. Alipofika aliingia ghalani, akajibana nyuma ya magunia ya ndengu, na hajatoka. Amekojoa humo mara tatu. Mama amehesabu.

Jumapili, 3 Agosti

Tangazo la chifu limesomwa kanisani. Mbwa mwenye kichaa ameuma watu wawili ng'ambo ya mto. Kwa hivyo mbwa wote wapelekwe chanjo Jumamosi hii, uwanja wa shule, kila mmoja akiwa na kamba shingoni. Atakayekosa chanjo atauawa kuanzia Jumatatu. Baba alinitazama wimbo mzima, beti zote nne.

Mutindi, binti wa mjomba, aliningoja mlangoni. Akauliza kama askari wangu ameshaanza zamu. Mbwa wake hutembea na kamba kama bwana harusi. Mimi nina siku sita.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimesoma kwamba mbwa hurudia kukojoa penye harufu yake. Nikaburuta gunia alilolowesha hadi nyuma ya choo, ili harufu imvute. Ilivuta mbuzi. Walikula robo ya gunia. Askari hakutoka. Alikojolea gunia lililofuata.

Mama hakunigombeza. Alisema kwa upole kwamba chakula cha Oktoba sasa kiko tumboni mwa mbuzi. Afadhali angenigombeza.

Jumanne, 5 Agosti

Nimegundua kosa. Askari hana wa kumwiga! Kwetu punda mchanga hufungwa ubavuni mwa punda mzee, wakaenda pamoja kuchota maji hadi yule mchanga ajue kazi. Hakuna anayemfundisha kwa maneno.

Nikamvuta Askari nje, nikamfunga kwa punda wetu mwenye mitungi minne. Punda akaondoka. Askari akalala chini. Punda wetu hana desturi ya kugeuka nyuma. Alimburuta hadi kwenye kijia cha mtoni, na nilipoinama kufungua kamba, Askari aliniuma mkono. Hata hakubweka. Aliuma kimya, kisha akajikojolea.

Nimeosha damu kwa maji ya mtungi. Nimevaa sweta ya shule. Baba akijua hatangoja Jumatatu. Sitasema.

Alhamisi, 7 Agosti

Joto kali. Mutindi aliuliza kama sweta ni ya malaria. Nikasema ndiyo. Akakimbia kumwambia mama. Mama alinishika mkono na mimi nikalia kabla sijajizuia.

"Kanini, hii ni nini?"

Nikasema ni waya wa ua.

"Waya una meno?"

Baba alichukua panga akaelekea ghalani. Mama alimwambia mtoto kwanza, mbwa baadaye. Kwenye zahanati, muuguzi aliosha kidonda kwa sabuni muda mrefu, akanidunga, akaniambia nitarudi kwa sindano nyingine. Alitaka kujua ni kwa nini nilinyamaza siku mbili. Baba alikuwa amesimama pale, nikasema nilisahau.

Kisha akaitwa Bwana Mbaluka, afisa wa mifugo. Alimwambia baba asimuue mbwa. Afungwe, alishwe, atazamwe siku kumi tangu siku aliyouma. Akibaki mzima, hakuwa na kichaa.

"Na akifa?" baba akauliza.

Bwana Mbaluka alitazama mkono wangu, akaanza kuandika kwenye daftari lake.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya chanjo. Mbwa wa Mutindi amechanjwa na kusifiwa. Wangu amefungwa nguzoni nyuma ya jiko. Nikimkaribia, anajilaza na kufumba macho.

Jumatano, 13 Agosti

Askari hajala tangu jana.

Mama hakwenda soko la Kabati. Ameketi karibu na nguzo akichambua kunde, saa baada ya saa. Baba aliniuliza kama naogopa maji, kama waogopavyo wenye kichaa cha mbwa. Nikanywa vikombe viwili mbele yake. Alipoondoka nikanywa kingine, nijue mwenyewe.

Jioni mama aliweka ugali chini, akampa Askari mgongo, akaendelea na kunde zake. Askari akala! Kisha akaenda hadi mwisho wa kamba, akakojoa huko, akarudi karibu na mama. Mama alifuta macho kwa leso. Alisema ni moshi, ingawa moto ulikuwa haujawashwa.

Ni wazi kwamba lile somo la punda limeanza kumwingia.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku ya kumi. Mzima! Bwana Mbaluka amemchanja pale pale nguzoni. Baba alifungua kamba mwenyewe, akasema, "Basi, aishi."

Askari hakuenda popote. Anazunguka nguzo, umbali ule ule wa kamba, ingawa kamba haipo. Mama anasema tusimshike, tusimvute, atatufuata siku akitaka. Mama hajasoma habari za mbwa. Mimi nimesoma.

Jumapili, 17 Agosti

Nimefikiri sana wakati wa mahubiri. Kosa lilikuwa punda. Anasimama kula majani, anakwenda ovyo, mwanafunzi atajifunza nini? Anahitajika mwalimu wa mwendo mmoja. Nimezungumza na Kisilu wa bodaboda. Kesho mama akienda shambani, tutamfunga Askari nyuma ya pikipiki. Kisilu ameahidi kwenda polepole.

Leo nilipomjaribisha kamba alinigusa kwa jino, mkono ule mwingine. Kidogo tu. Amechanjwa, kwa hivyo sikuona haja ya kumsumbua mama.