Diski Moja, Mara Elfu Moja

Mheshimiwa mgeni rasmi ambaye ametuma udhuru, mheshimiwa mwakilishi wa mgeni rasmi ambaye naye yuko njiani tangu saa nne, waheshimiwa wajumbe wa Kamati Tendaji ya Hifadhi ya Kumbukumbu za Mtaa, kamati ambayo mwenyekiti wake, kwa unyenyekevu, ni mimi, wazee wetu, akina mama mliowahi viti vyenye migongo, fundi redio na nyaya zako shingoni, wenye nyumba, wapangaji, na ninyi mliosimama mlangoni ili muwahi kuondoka: itifaki imezingatiwa.

Ndugu wananchi, kabla sijaanza, mjue kwamba mnahutubiwa na mtu wa bahati. Nilipozaliwa mkunga alinitazama akasema huyu ataokota hata palipofagiwa. Mwaka huu, kati ya watu elfu arobaini walioshiriki bahati nasibu ya duka la vyombo vya umeme, jina lililochomoka ni langu, na zawadi ya kwanza, rekoda ya DVD ya nyumbani, ikawa yangu. Nami, kwa kuwa moyo wangu ni mpana kama mlango wa ghala, nikasema siwezi kufaidi peke yangu, nikaitoa kwa mtaa. Ndiyo ile mezani, chini ya kitambaa cha maua nilichoazimwa na dada yangu. (Makofi.)

Kutokana na zawadi hiyo, ofisi yangu ilibuni Mradi Mkakati Shirikishi wa Kuhamishia Kumbukumbu za Wananchi kwenye Mfumo wa Dijitali. Kwa nini? Kwa sababu kanda zenu za video, za harusi, za mahafali, za watoto wakijifunza kutembea, zinaota ukungu kabatini, na deki zilizokuwa zikizisoma leo ni vigoda vya kuwekea maua. Sisi tukaja na teknolojia ya diski ya kufutika, ambayo unaitia kwenye rekoda, unaifomati, yaani unaitandikia mkeka kabla wageni hawajaingia, kisha unarekodi saa moja ukitaka picha safi, au saa sita ukikubali sura za watu ziwe kama zimepakwa sabuni, na mwisho unaifainalaizi, yaani unaifunga, ili isomeke hata kwenye mashine ya jirani, maana diski isiyofungwa ni kama mlevi, inaelewana tu na mashine iliyoilewesha. (Kicheko.)

Sasa takwimu, maana kiongozi asiye na takwimu ni mpiga soga. Kitaalamu, diski moja ya aina hii inafutika na kuandikwa upya mara elfu moja. Kwa msingi huo, taarifa yetu ya robo mwaka imeonyesha akiba ya diski elfu moja, ambazo ukizigawa kwa kaya zetu mia tatu na arobaini, kila kaya inakaribia diski tatu, na utekelezaji umefikia asilimia mia moja na kumi na mbili. (Makofi. Fundi redio anauliza, bila kusimama, kama harusi ya pili ikiandikwa kwenye diski hiyohiyo, ile ya kwanza inakwenda wapi.) Fundi, hilo ni swali la kiutekelezaji, na litajibiwa katika ngazi ya utekelezaji.

Chukueni mfano hai. Mama mshonaji, simama watu wakuone. Wengi mnakumbuka marehemu mume wake, seremala aliyetutengenezea meza hii. Ugonjwa ulipomzidi, alivaa shati jeupe, akakaa mbele ya kamera ya shemeji yake, akamrekodia binti yake, wakati huo wa miaka minne, maneno ya baraka ya kusikilizwa siku atakapoolewa. Siku hiyo ni Jumamosi hii. Miezi mitatu iliyopita mama huyu, ambaye deki yake ilikufa zamani, alinikabidhi kanda hiyo mkononi, pekee aliyo nayo, na leo natamka rasmi kwamba imehamishwa, imehakikiwa, na iko salama katika uandishi namba mia nne na kumi na saba. (Vigelegele. Mama mshonaji hapigi makofi. Anauliza kwa upole, leo kamati imefika namba ngapi.)

Mia tano na tatu, mama. Tumevuka lengo.

(Fundi redio anahesabu kwa vidole, kisha anasimama. "Mwenyekiti, kama diski ni moja, basi seremala wa watu ameandikwa juu mara themanini na sita.")

Ndugu wananchi, tusiingize siasa katika hesabu. (Minong'ono. Mama mshonaji anasema: "Mwenyekiti, binti yangu haikumbuki sauti ya baba yake. Mimi mwenyewe inaanza kunipotea. Sitaki namba. Niambie tu, ipo au haipo.")

Ipo, mama, ipo ndani ya mchakato. Ningekusikilizisha sasa hivi, ila diski haijafungwa, na kama nilivyoeleza, isipofungwa haisomeki kwenye mashine nyingine, kwa hiyo changamoto iliyopo ni ya kimfumo... (Fundi redio anasema basi na isomwe kwenye mashine yenyewe iliyoirekodi, kwani si ndiyo hiyo hapo mezani? Anakuja na waya wake.) Fundi, hiyo ni mali ya umma. Fundi, itifaki. Fundi, mwenzangu, usivute kitambaa cha dada. (Kitambaa kinatoka. Chini yake ni boksi lenye picha ya rekoda. Fundi analiinua kwa vidole viwili na kulitikisa sikioni. Halisemi kitu.)

Naomba sasa niiweke karatasi chini.

Boksi hilo nililiokota nyuma ya duka. Nilitaka nipige nalo picha tu, mtaa uchangamke, nikiamini mashine itafuata, maana wakubwa waliniahidi. Haikufuata. Nikaandika taarifa ya kwanza, wakasifu. Ya pili ikabidi ipite ya kwanza. Diski kweli ninayo, moja, nayo hujitazamia nikinyoa ndevu, inang'aa kuliko kioo. Haijaandikwa hata mara moja. (Zogo. Mtu anamwita muongo, mwingine anamwita jina ambalo katibu hakuliandika.)

Semeni, mna haki. Lakini mama, nitazame. Seremala hajafutwa. Mashine isiyokuwepo haimfuti mtu. Kanda yako ni hii hapa, kwenye mfuko wa ndani wa koti, nimeizungushia fulana, usiogope, imefuliwa. Paa la kwangu linavuja, na mvua ilipokuja mimi nililala upande wa maji, yenyewe ikalala upande mkavu. Kukurudishia niliogopa, kwa sababu ningekurudishia na uongo wangu pamoja. (Mama mshonaji anaipokea, anapuliza vumbi ukingoni, anasoma mwandiko wa mumewe kwenye lebo. Fundi redio anasema deki moja kibandani kwake bado inameza kanda, iko chini ya rundo la redio, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Ila kwanza ataisafisha kichwa kwa spiriti, maana kanda kuukuu ikitafunwa hairudi. Ukumbi wote unatoka ukimfuata mama.)

Kumbukumbu hoyee. (Kimya.) Dijitali kwa wote. (Kimya.)

Basi niwashukuru ninyi viti kwa usikivu wenu, mkiongozwa na vile vyenye migongo, na nifunge rasmi mradi ambao haukuwahi kufunguliwa. (Mama mshonaji anarudi hadi mlangoni. "Mwenyekiti, kule kwa fundi hakuna pa kukaa. Acha kuhutubia viti, vibebe. Na uvibebe vingi, binti yangu anakuja.")

Nakuja, mama. Katibu, kabla hujafunga daftari, andika na hili: ile bahati nasibu sikushinda. Hata tiketi sikununua.