Kumtafutia Mama Mkwe Joto la Angani

Jumatatu, 1 Julai
Mama mkwe alifika jana. Mke wangu ni mjamzito, anataka mama yake awe karibu atakapojifungua. Leo asubuhi mama analalamika baridi ya chumbani imemwingia mpaka kwenye mifupa. Atahamia kwa mwanyumba wangu, mume wa dada ya mke wangu. Mke wangu kasema atamfuata huko huko. Kwa mwanyumba! Mtu anayepiga pasi mpaka soksi! Sikubali.

Jumanne, 2 Julai
Saluni, namnyoa fundi wa ile mitambo ya kufua umeme wa upepo kilimani. Kasema usiku mapanga ya mitambo yanapozunguka hukoroga hewa, ile ya juu yenye joto ikashuka chini. Wembe ukasimama. Aliendelea kueleza, mimi kimawazo nilishaondoka. Chini ya mitambo kuna kibanda kitupu cha walinzi. Nimekiomba. Nimepewa.

Jumatano, 3 Julai
Tumehamisha kitanda, godoro na mama mkwe. Mwanyumba kajitolea kubeba. Anatabasamu kupita kiasi. Mama kauliza kama yale mapanga huwa yanadondoka. Nimemtoa hofu kwa sauti ya kitaalamu.

Alhamisi, 4 Julai
Nimepanda alfajiri kupokea shukrani. Mama kalala na koti na viatu. Nikamwonyesha majani: makavu, wakati kwetu bondeni umande umelowesha kila kitu. Ushahidi huo! Akaniangalia kwa huruma.
“Mwanangu, mimi silali kwenye majani.”
Fundi naye kasema joto linaloongezeka halifiki hata digrii moja. Eti alinieleza juzi.

Ijumaa, 5 Julai
Tumemrudisha mama nyumbani na kitanda chake. Mwanyumba kaingia kile chumba chake cha baridi, kasogeza kabati, kakuta nyuma yake kioo cha dirisha kimevunjika. Kaziba kwa ubao. Baridi kwisha. Nilijificha jikoni, sina pa kuweka uso. Mama mkwe akanifuata. Kasema mwenzangu kaziba tundu, ila mimi nilikwenda kumtafutia joto mpaka angani. Anabaki kwetu. Mke wangu alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akanishika mkono.

Jumamosi, 6 Julai
Jua la mchana limefukuza wateja wote saluni, kabaki fundi. Kasema mchana mapanga yale pengine hupoza ardhi kidogo, ila… Nikamkatiza. Nimeshaelewa. Nikamwinua na povu lake shavuni.
Kiti cha kunyolea ni kizito kuliko nilivyodhani. Naandika haya nimekikalia, nusu ya njia ya kilimani.