Korongo wa Mguu wa Kulia

Alhamisi, 12 Juni

Kesho unaanza mkutano wa mwaka wa Chama cha Wakusanyaji wa Viberiti. Siku tatu, bweni la chuo cha ufundi. Nimepanga viberiti vyangu mara tatu. Ni seti ya Ndege Kumi na Wawili, kila kiberiti na picha ya ndege wake, ya kiwanda kilichofungwa zamani. Ninao kumi na mmoja. Nafasi ya saba, ya Korongo, iko wazi. Miaka tisa iko wazi! Kila nikifungua sanduku naiona kama pengo la jino.

Korongo huyo anaye mwanachama mwenzangu, Fundi Saa. Alimkuta mwaka jana ndani ya saa mbovu ya ukutani, mtu amemtumia kama kabari. Hata kumtafuta hakumtafuta! Nimemwomba tubadilishane mara nne. Hucheka tu na kusema tutaona.

Mke wangu ameuliza kama ndani ya sanduku kuna kiberiti hata kimoja cha kuwashia jiko, maana cha jikoni kimeisha. Nikafunga sanduku. Kuna watu huwezi kuwaeleza.

Mpango: Korongo akishuka thamani, Fundi Saa atamwachia mwenyewe.

Ijumaa, 13 Juni

Mwanzo mbaya. Nimepangwa chumba kimoja na Fundi Saa, kitanda cha ghorofa. Nikasema nina goti bovu ili nipate cha chini. Akakubali mara moja, akanibebea na sanduku. Sasa lazima nichechemee mpaka Jumapili. Kufikia chakula cha jioni nilikuwa nimesahau goti ni lipi. Akaniuliza kwa upole kama maumivu yamehamia upande wa pili. Nikasema ni yote mawili.

Hata hivyo kazi imeanza. Nilimtafuta muuza vipuri, yule tunayemwita Redio kwa sababu hajawahi kuzimwa. Nikamvuta pembeni kwenye mabomba ya kunawia. Nikamweleza, kwa siri, kwamba kuna Korongo bandia wanazunguka. Halisi husimama kwa mguu wa kushoto. Bandia, wa kulia. (Wa Fundi Saa amesimama kwa wa kulia. Nimemtazama kwenye picha mpaka macho yameuma.) Redio akauliza imekuwaje. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema matapeli walichapa picha ikageuka, kama kwenye kioo. Nilijipongeza. Uongo ukipata maelezo ya kiufundi, hata mimi naanza kuuamini.

Nikamwapisha asimwambie mtu. Kabla sijamaliza chai, watu wawili walishanijia kunitahadharisha kuhusu Korongo.

Jumamosi, 14 Juni

Mambo yamekwenda mbio kuliko nilivyotaka. Mwenyekiti wetu, mkunga mstaafu, si mtu wa kuacha jambo liote mizizi. Asubuhi alisimama ukumbini akasema chama hakina nafasi ya bandia. Akatukumbusha kanuni ya kumi na nne: kiberiti kikithibitika bandia kinagongwa muhuri palepale, juu ya picha, kisije kikamwingia mwanachama mwingine.

Kanuni hiyo niliipiga chapa mimi mwenyewe, na nilikuwa nimeisahau kabisa! Mimi nilitaka Korongo ashuke thamani, sikutaka agongwe.

Ikabaki kumpata mtaalamu. Redio akaninyooshea kidole.

Nikasimama. Nikasema labda suala hili lingehitaji muda, labda kamati, labda mwaka ujao. Mwenyekiti akasema amezalisha miaka thelathini na tano na hajawahi kumwambia mtoto arudi mwaka ujao. Alitaka neno moja tu, halisi au bandia. Fundi Saa alikuwa mstari wa mbele, Korongo kiganjani, lenzi yake ya kazi jichoni. Akasema mbele ya wote kwamba nikishasema mimi, yeye hana neno. Karani, yaani mimi, ndiye aliyemfundisha kusoma lebo.

Nafasi ya kujiokoa ilikuwa pale. Lakini Redio ananitazama, ukumbi mzima unanitazama, na mimi nimesimama kwa magoti mawili mabovu. Nikasema bandia.

Pa! Wino wa zambarau, toka mdomo mpaka mkia.

Fundi Saa alipuliza wino ukauke. Kisha akatoa bahasha mfukoni, akamtia Korongo ndani, akanipa. Juu ya bahasha palikuwa pameandikwa, kwa mwandiko mdogo kama namba za saa ya mkononi: Kwa Karani. Sasa wametimia.

"Nilikuwa nimekuletea wewe," alisema. "Nilitaka nikupe leo, mbele ya wenzetu. Nisamehe, ndugu yangu, sikujua kama ni bandia."

Ananiomba msamaha mimi! Chakula cha mchana nilikiacha. Nilikaa bwenini nikijiuliza maswali mengi, hasa hili: kama alitaka kunipa, kwa nini amenizungusha miezi kumi na moja? Ukitazama vizuri, kosa ni lake.

Jumapili, 15 Juni

Niliamka na moyo mwepesi. Muhuri au bila muhuri, Korongo ni wangu. Kwenye maonyesho ya kufunga nilimweka nafasi ya saba. Kumi na wawili kwa mara ya kwanza! Nilizunguka meza nikiwaita watu. Kuchechemea nilisahau kabisa.

Mwenyekiti akapita. Akainama. Akasogeza kichwa kama anayesikiliza mapigo ya mtoto tumboni. Kisha akauliza kama si mimi niliyesema picha ya Korongo iligeuzwa. Nikasema ndimi. Akauliza anatazama upande gani. Nikasema kulia, ndiko kugeuzwa kwenyewe. Akauliza hawa wengine wa kiwanda hichohicho wanatazama wapi.

Wote wanatazama kulia. Kumi na mmoja, kama askari kwenye gwaride; basi, akasema Mwenyekiti, wote ni bandia.

Nikakiri. Nilisema wazi kwamba nilibuni, hakuna matapeli, hakuna kioo. Hakuna aliyeniamini. Redio aliwaeleza watu kwamba mtu akiumia huanza kujikanganya, tumwonee huruma. Fundi Saa peke yake ndiye aliyenitetea. Alimsihi Mwenyekiti anibakizie hata mmoja, kwa heshima ya miaka tisa. Mwenyekiti akajibu kwamba kanuni ni kanuni, kisha akataka kujua nani aliipiga chapa.

Mihuri kumi na mmoja. Wino ulikwisha walipofika kwenye kiberiti cha Kwale, wakaongeza mwingine.

Fundi Saa akanibebea sanduku mpaka kituoni. Njia nzima hakuniuliza lolote kuhusu magoti.

Jumatatu, 16 Juni

Masjala. Mafaili yamelundikana, sijagusa hata moja. Mke wangu, nilipomsimulia jana, aliniambia nimwandikie Fundi Saa barua, nimweleze ukweli wote na kumwomba radhi, kwa sababu rafiki wa namna ile hapatikani mara mbili. Kweli. Saa nne nilichukua karatasi nzuri. Nikaandika: Ndugu yangu Fundi.

Hapo hapo wazo likaja.

Ndege safi wapo wengi. Kila mwanachama ana wawili watatu nyumbani. Lakini wenye muhuri wa chama, wa zambarau, wapo wangapi duniani? Kumi na wawili tu. Na wote anao nani? Mimi! Watu wakishaujua uadimu huo, Mwenyekiti mwenyewe atakuja kunibembeleza.

Barua nitaimalizia wiki ijayo. Nimempigia Redio. Nimemwambia hii ni siri kubwa, na safari hii nimemwapisha mara mbili.